Meza ya Tatu

Ukiniuliza nafundisha nini, jibu fupi ni uhusiano wa kimataifa. Shida iko kwa jibu refu. Nairobi ukisema hivyo watu hutikisa kichwa kana kwamba wameelewa, halafu wanauliza kama nataka kuwa balozi. Kwetu Ngoliba hawana muda wa adabu hiyo. Huku swali ni moja tu: "Kwani wewe ndiye wa visa?" Nimeulizwa na fundi wa pikipiki, nimeulizwa na mzee wa kanisa, na siku moja nimeulizwa na nesi akiwa tayari ameshika sindano, nikaona si wakati mzuri wa kubishana.

Mimi si wa visa. Lakini kadiri ninavyofundisha ndivyo ninavyoona swali lao lina akili kuliko lile la Nairobi. Wao wanadhani somo langu linahusu nani anapita na nani anazuiwa mlangoni. Ukiliondolea maneno makubwa, ndilo lenyewe.

Kama hujawahi kufika: unapanda matatu Thika, unashika barabara ya Garissa, mananasi yanakusindikiza kwa muda, kisha ardhi inaanza kukauka na kubadilika rangi. Ule mlima ni Kilimambogo. Mto ni Athi, na ng'ambo yake ni Machakos. Sisi tuko Kiambu, ila si ile Kiambu ya majani chai na sweta ambayo watu huwa nayo kichwani. Huku ni joto, na Kikuyu na Kamba wamechanganyika hadi kwenye vitanda. Baba yangu ni Mkikuyu, mama ni Mkamba, nyumbani tukaongea Kiswahili ili asishinde mtu. Nyanya zangu wawili hawakuwahi kuelewana bila mkalimani, na mkalimani alikuwa mimi, nikiwa darasa la nne. Huko ndiko nilikojifunza kwamba mkalimani mwerevu hatafsiri kila kitu.

Mto wenyewe una safari yake. Unabeba uchafu wa Nairobi, unaporomoka pale Fourteen Falls ambako watu huenda kupiga picha, unaendelea kushuka, unabadilisha jina na kuwa Galana, halafu Sabaki, na mwishowe unaingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Hii jiografia huwa naitumia darasani wiki ya kwanza. Vitabu vingi vya somo letu huanza mwaka 1648, kwa mikataba ya Westphalia, wafalme wa Ulaya wakikubaliana kwamba kila mtu atawale kwake. Ni mwanzo mzuri, kama wewe ni Mjerumani. Mimi huanza na twiga. Mwaka 1414 twiga alifika katika mahakama ya mfalme wa Uchina kutoka Bengal, na mwaka uliofuata akafika mwingine kutoka Malindi. Kisha msafara wa meli za Zheng He ukaja hadi Malindi yenyewe. Zaidi ya miaka mia mbili kabla ya Westphalia, mji ulio pale mto wetu unapoishia ulikuwa unatuma zawadi na wajumbe ng'ambo ya bahari. Wanafunzi wanacheka kuhusu twiga kwenye meli, alikula nini, alitapika ama hakutapika. Wacha wacheke. Wiki ya pili nikiwauliza dola ni nini, hawaniangalii kama mtu anayezungumzia mambo ya watu wengine.

Halafu nawaletea barabara waliyokuja nayo. Barabara Kuu ya Thika ilizinduliwa Novemba 2012, na uliza darasa lolote nani alilipa: "Wachina!" Wanasema kwa sauti moja, na uhakika wa mtu aliyekuwepo. Kampuni zilizojenga zilikuwa za Kichina, ndiyo, tatu. Lakini sehemu kubwa zaidi ya pesa za kigeni ilikuwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na benki ya Exim ya Uchina ikaweka kiasi kidogo kuliko hicho. Hapo huwa kuna kimya kizuri. Wamesafiri juu ya mkopo huo maisha yao yote ya chuo bila kujua ni wa nani.

Mimi mwenyewe nilisomea Nairobi, shahada ya kwanza na ya pili. Sikuchagua somo kwa sababu ya ndoto yoyote. Jina lake lilikuwa refu na nilidhani kitu chenye jina refu kitakuwa na kazi. (Usicheke, na wewe ulichaguaje?) Mtu aliyenifanya nikae ni Ali Mazrui. Si nadharia zake kwanza, bali maisha yake. Mtoto wa Mombasa aliyezaliwa 1933, akafanya mtihani wa Cambridge na kupata daraja la tatu, likamfungia mlango wa Makerere, akawa karani. Akiwa karani akatoa hotuba kwenye Maulidi mbele ya gavana wa kikoloni, gavana akavutiwa, na kutoka hapo akapata njia ya kwenda kusoma Uingereza. Manchester, kisha Columbia huko New York, kisha udaktari wa Oxford mwaka 1966. Kabla hata ya cheti hicho cha Oxford alikuwa tayari anafundisha Makerere, chuo kilekile ambacho asingeweza kuingia kama mwanafunzi. Mwaka 1967 akachapisha kitabu chake kuhusu amani ya Afrika inayolindwa na Waafrika wenyewe. Alifariki 2014 huko Marekani, akazikwa Mombasa, kwenye makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus.

Mwaka huohuo wa 2014 ndio uliozaa utafiti wangu, ingawa wakati huo nilikuwa mwaka wa pili na akili yangu ilikuwa kwa mambo mengine.

Mama alikuwa kibarua kwenye shamba la maua, upande wa Thika. Saa kumi na moja asubuhi gari la kampuni lilikuwa linawachukua barabarani, wanawake watupu, leso kichwani na chai kwenye chupa. Kazi yake ilikuwa mezani. Waridi linatoka shambani, linafika kwake, anatoa majani ya chini, anapima urefu wa shina kwenye alama zilizochorwa ubaoni, sentimita 40, 50, 60, anaangalia kichwa kama kina doa, anafunga fungu, anasukuma. Siku nzima akiwa amesimama. Kabla ya Valentine wanasimama hadi usiku. Mama yangu hajawahi kupewa ua na mwanamume yeyote, baba akiwemo, na akiona filamu ambapo mtu analetewa waridi, yeye huangalia shina.

Oktoba hiyo wakaambiwa waje siku tatu kwa wiki. Msimamizi alisema ni mambo ya Ulaya. Mama akanipigia simu chuoni: "We si ndiyo unasoma hayo mambo ya Ulaya? Hebu niambie tumekosa nini."

Sikujua, na hakuna mhadhiri wangu aliyekuwa amelitaja darasani wiki hiyo. Nikaenda maktaba ya magazeti. Hadithi ilikuwa hivi. Kwa miaka mingi bidhaa zetu ziliingia Umoja wa Ulaya bila ushuru, kwa ruhusa ya muda, wakati nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikijadiliana mkataba wa kudumu wa biashara, ule uitwao Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi. Mazungumzo yakaburuta. Ulaya wakaweka siku ya mwisho, tarehe 1 Oktoba 2014. Siku ikafika, mkataba haujakamilika, ushuru ukarudi: kati ya asilimia 5 na 22 kutegemea bidhaa. Maua, mananasi ya makopo, mboga.

Sasa hapa ndipo nilipoketi vizuri. Ushuru ulirudi kwa Kenya peke yake. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hawakuguswa, kwa sababu wote wamo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, na Ulaya hupokea bidhaa za orodha hiyo bure, karibu kila kitu isipokuwa silaha. Kenya haimo. Kwa hivyo jibu la swali la mama, tumekosa nini, lilikuwa hili: hatukuwa maskini vya kutosha. Nilimpigia nikamwambia hivyo. Akanyamaza, kisha akasema, "Hao watu wamewahi kuja Ngoliba?"

Mazungumzo yalifungwa katikati ya Oktoba na ushuru ukaondolewa tarehe 25 Desemba. Siku ya Krismasi, kwa kweli. Kwa vitabu vya diplomasia huo ni ushindi, na ni miezi isiyofika mitatu. Kwa nyumba yetu miezi mitatu ilikuwa karo ya ndugu yangu, deni dukani, na mbuzi wawili waliouzwa kwa bei ya kukata tamaa.

Kuna Mmarekani anayeitwa Robert Putnam. Mwaka 1988 aliandika makala ambayo kila mwanafunzi wangu lazima aisome, akisema mjumbe wa mazungumzo ya kimataifa anacheza kwenye meza mbili kwa wakati mmoja. Meza ya kwanza ni ile ya wageni, bendera ndogo na maji ya chupa. Meza ya pili iko nyumbani: bunge, vyama, wenye viwanda, wote wanaoweza kukataa alichokubali kule. Ni wazo zuri sana, na linaeleza mengi. Ila kila nikilifundisha naona meza nyingine, ndefu, ya mbao iliyofunikwa kwa bati, yenye alama za 40, 50, 60. Waliosimama pale hawako kwenye meza ya kwanza wala ya pili. Hawawezi kukataa chochote. Habari huwafikia kupitia idadi ya siku walizoitwa kazini wiki hiyo.

Tasnifu yangu ya shahada ya pili ilihusu hapo, na utafiti ninaotaka kuufanya sasa ni hapohapo.

Na si kwamba nina upande rahisi. Ungetegemea mtoto wa mama yule apende mkataba, moja kwa moja. Lakini Septemba 2016, Kenya na Rwanda walipotia sahihi, Tanzania ilikataa, na hoja zake hazikuwa za kipumbavu. Benjamin Mkapa, rais mstaafu ambaye pia aliwahi kuwa waziri wa mambo ya nje, alikuwa ameandika waziwazi kupinga: tukifungulia bidhaa za viwanda vya Ulaya, viwanda vyetu vichanga vitakua vipi? Huwa nawapa wanafunzi makala hiyo na kuwaambia wajifanye wao ni Tanzania. Wakenya wakilazimika kuwa Watanzania kwa saa moja wanakuwa watu wazuri ajabu. Upole unaingia, na mantiki pia. Ukweli ni kwamba Dar es Salaam walikuwa na sababu ya kutotia sahihi, kwa kuwa orodha ya maskini iliwalinda, na Nairobi walikuwa na sababu ya kutia, kwa kuwa haikuwalinda. Jumuiya moja, wanachama wake wakiangalia mlango mmoja, mmoja ana ufunguo na mwingine hana.

Mwaka 2021 Jumuiya ikaruhusu anayetaka kuendelea peke yake aendelee. Kenya ikaendelea. Mkataba ukatiwa sahihi Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, ukaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2024. Maua yetu yanaingia bila ushuru, hakuna tena siku ya mwisho ya kututisha, na sisi tunafungua soko letu polepole kwa muda wa miaka 25. Ndani yake kuna sura nzima kuhusu haki za wafanyakazi na mazingira, na ni sura yenye nguvu ya kisheria, si maneno ya kupamba. Hiyo ndiyo sura ninayoitaka. Nataka kujua imefika wapi. Je, kati ya Brussels na ile meza ya bati, kuna mahali karatasi huishia? Msimamizi ameisikia? Chama cha wafanyakazi kimeisoma? Kibarua asiye na mkataba wa kuandikwa anahesabiwa kuwa mfanyakazi anayezungumziwa mle, ama yeye ni hewa?

Swali la kibarua linaniuma kwa sababu nyingine pia. Mimi ni lekcha wa muda. Barabara ya Thika ina vyuo kama ilivyo na vituo vya mafuta, na mimi nafundisha katika viwili, asubuhi kimoja, jioni kingine, katikati niko kwenye matatu nikisahihisha kazi za watu magotini. Nalipwa kwa saa. Malipo ya muhula mmoja, wa Januari, yalifika Novemba, baada ya kujaza fomu ileile mara tatu. Sina ofisi. Wanafunzi wananitafuta kwenye kibanda cha chai, na wengi wao ndiko wanakosema mambo ya maana. Mama aliposikia nalipwa kwa saa alicheka mpaka akaketi. "Mimi nilikusomesha usiwe kibarua," akasema. Nikamwambia angalau mimi naketi. Hata hilo si kweli, nafundisha nimesimama.

Kwa hivyo mwaka jana barua pepe ilipokuja, niliisoma mara nyingi. Mradi wa utafiti, chuo kimoja cha Ulaya, nafasi ya udaktari yenye malipo kila mwezi kwa miaka minne. Mada yao: misimamo mikali ya kidini kwenye ukanda wa barabara ya Garissa. Walitaka mtu "wa eneo hilo". Mimi ni wa eneo hilo, barabara inapita kwetu.

Sidharau mada hiyo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa rika langu, waliosoma kama mimi na kuchelewa kulala kama mimi. Kuna watu lazima wafanye utafiti huo na wengine wanaufanya vizuri. Lakini angalia jinsi pesa inavyoiona barabara yetu. Kwa wafadhili ni njia ya hatari. Kwamba ni njia ya mananasi, ya maua, ya mbuzi wa mnada, ya wasichana wanaoenda uwanja wa ndege wakiwa na pasipoti mpya kuelekea Saudia, hayo hayana fungu la bajeti. Nchi yako inapewa somo kabla hujafungua mdomo, na wewe unapewa pesa ukikubali kuwa mfano wake.

Niliwaandikia nikiuliza kama naweza kuja na mada yangu, mkataba wa biashara na meza ya waridi. Walijibu kwa upole mkubwa, kwamba inavutia ila iko nje ya malengo ya mradi. Baba alisema niende tu, nisome hayo yao, nikirudi nitasoma yangu. Kuna watu wengi waliofanya hivyo na sasa ni maprofesa. Rafiki yangu mmoja, naye lekcha wa muda, aliniambia nina kiburi cha mtu mwenye shamba. Sina shamba. Baba ana ekari moja na nusu ya mahindi yanayokauka kila baada ya mwaka mmoja.

Nilikataa. Nimejiandikisha udaktari hapahapa nchini, karo nalipa kwa awamu, na awamu ya pili imeshachelewa. Msimamizi wangu amekubali mada, akataka niongeze nadharia na nipunguze "hisia za nyumbani". Nadharia nimeongeza. Lile lingine tunajadiliana, na kwa kuwa nililelewa na nyanya wawili wasioelewana, sina haraka.

Sasa niko kwenye hojaji. Wikendi iliyopita niliibeba nyumbani, maswali 22, nikamsomea mama akichambua maharagwe. Alistaafu shambani kwa sababu ya miguu, lakini bado anajua nani anafanya kazi wapi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno, jambo ambalo si kawaida yake.

"Hujauliza wanajuaje," akasema.

"Wanajuaje nini, mama?"

"Wanajuaje kama kesho kuna kazi. Wengine hupigiwa simu. Wengine wanasimama tu barabarani saa kumi na moja, gari likipita bila kusimama ndio wamejua."

Nikaandika: swali la 23. Akaniambia niliweke la kwanza, kwa sababu ukianza na umri na kiwango cha elimu watu wanadhani umetumwa na serikali. Nimelipeleka juu. Jumamosi hii nalijaribu na wanawake sita anaowajua, kituoni, kabla gari halijafika. Kwa hivyo Ijumaa nalala Ngoliba na nimeweka kengele ya simu saa kumi kasorobo. Mama anasema hiyo nimechelewa.